Amefika Chimala

SURA YA SABA

Ukungu wa Igowole hauna adabu. Unaingia nyumbani kwa mtu bila hodi na unakaa mpaka ujisikie wenyewe kuondoka. Watu wa pale watakuapia kwamba mwaka fulani ulikaa wiki mbili mfululizo, mtu akaoa, akafanya sherehe, akapata na mtoto, na jirani wa mlango wa pili akaja kujua habari hizo ukungu ulipopanda. Jumamosi ile, Alawi aliposhuka kwenye Noah iliyowatoa Mafinga, hakuona kitu zaidi ya viatu vyake mwenyewe na koti jekundu la Severina likienda mbele yake kando ya mashamba ya chai.

"Seve, subiri."

Koti likasimama.

"Umebadili mawazo?"

"Sijabadili. Nataka nikuone uso. Tukishafika kwenu sitakuwa na ruhusa ya kukuangalia."

Severina akageuka. "Niangalie basi. Lakini haraka, shangazi ana macho yanayoona hata kwenye ukungu."

Alawi akamwangalia. Uso ule aliujua kuliko kiganja chake. Miaka mitatu sasa walikuwa wakitengeneza pamoja vitabu vya picha vya watoto, vile vinavyosimulia maisha ya wanasayansi. Severina aliandika maneno akiwa Iringa mjini. Alawi alichora akiwa Mbeya, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la mama yake, Mwanjelwa. Walishammaliza Newton. Walishammaliza Faraday, yule mtoto wa mhunzi aliyejifunzia sayansi ndani ya vitabu alivyoajiriwa kuvijalidi. Sasa kwenye begi la Alawi, ndani ya mfuko wa nailoni ili usiingie unyevu, kulikuwa na nakala ya mfano ya kitabu cha Marie Curie.

"Nirudie nilichokwambia Mafinga?" Severina akauliza.

"Nilikisikia."

"Nakirudia. Baba akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, Alawi, mimi sitoroki. Siendi bomani kufunga ndoa kwa siri halafu nimtumie picha wasapu. Nitabaki Iringa, wewe utabaki Mbeya, na vitabu atachora mtu mwingine."

"Hata vitabu?"

"Vitabu ndivyo kabisa. Utanitumia mchoro, nitaufungua, nitalia. Kuandika nitaandika saa ngapi?"

Alawi alitaka kucheka, ikashindikana. "Neno la mtu mmoja tu, Seve. Maisha yetu yote."

"Mtu huyo alinilea peke yake toka nina miaka sita. Hakuoa tena. Alijifunza kunisuka nywele akiangalia mabinti wa shule. Siwezi kumwacha nyuma kama mzigo uliosahaulika stendi."

Wakaendelea kutembea. Safari yenyewe ilikuwa na kisingizio kizuri. Baba yake, Mwalimu Vitus, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu aliyefundisha sayansi miaka thelathini na minne, na mhariri wao wa Iringa alitaka kitabu kipitiwe na mwalimu mzoefu kabla hakijaenda kuchapwa. Kitabu kilikuwa cha kusomwa. Jambo lenyewe lilikuwa la kuombwa.

*

Shangazi Tekla, dada wa Mwalimu Vitus, aliwapokea nje akiwa na kitenge mabegani na mwiko mkononi.

"Kamwene! Karibuni, karibuni. Huyu ndiye mchoraji? Mbona mwembamba hivi? Huko Mbeya mchele wote mnauza?"

"Shikamoo, shangazi," Alawi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Sasa sikiliza. Kuku nimemwacha hai kwa heshima yako. Najua mambo yenu. Kisu hiki hapa, chinja mwenyewe, usije ukashinda njaa nyumbani kwangu."

Alawi alikuwa na miaka thelathini na moja na hajawahi kuchinja hata panzi. Kwao kuku walitoka buchani wakiwa tayari wametulia. Lakini Severina alikuwa anaangalia, kwa hiyo akapokea kisu, akaelekea kibla kwa kukisia, akasema bismillahi vizuri sana, na hapo ndipo mkono ulipolegea. Tekla mpaka leo anasimulia kwamba yule kuku aliondoka na kamba yake, akakata shamba la chai katikati, na kwamba saa saba mchana wachuuzi wa Nyololo walimwona akipita kwa haraka kama mwenye kesi mahakamani.

Wakala viazi na maharage.

Mwalimu Vitus hakucheka. Alikula kimya, akanawa, akasogeza kiti chake karibu na jiko la mkaa, akavaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, kisha akatoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa koti.

"Leteni hicho kitabu."

Alawi akakitoa kwa mikono miwili.

"Nimesimamia mitihani maisha yangu yote," mzee akasema huku akikipokea. "Mtu akinipa karatasi mkono ukitetemeka, najua kuna kitu amekificha. Haya, tuone."

Akafungua. Akasoma kwa sauti, polepole, kama yupo mbele ya darasa la tatu. Alisoma habari za msichana wa Warsaw ambaye baba yake alikuwa mwalimu. Hapo akakohoa kidogo, akaendelea. Alisoma habari za banda linalovuja kule Paris, ambamo Marie na mume wake Pierre walichemsha mawe ya kahawia, wakachuja, wakachemsha tena, siku nenda siku rudi, mpaka wakapata chembe iliyong'aa gizani.

"'Kuchuja,'" akasema. "Sawa. Mtoto yeyote anajua chujio la chai. Nani kaandika hapa?"

"Mimi, baba," Severina akajibu. Alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono mapajani.

"Umeandika vizuri, mama."

Severina akainamisha kichwa. Alawi akamwona akimeza tabasamu, na moyo wake ukapanda ngazi mbili. Labda, akawaza. Labda.

Kisha mzee akarudi nyuma kurasa kadhaa, kama mtu aliyekumbuka kitu. Akasimama ukurasa wa kumi na nne, wa harusi. Akakisogeza kitabu kwenye mwanga wa dirisha. Akakirudisha. Akakisogeza tena.

"Huyu mama ni Mzungu?"

"Ni wa Poland, Mwalimu."

"Mbona ana paji la uso la marehemu mama yangu?"

Tekla akaacha kukusanya sahani, akaja akainama nyuma ya bega la kaka yake.

"Hee! Kaka! Hilo paji ni la ukoo, hata ukilipaka chokaa! Na hayo macho ni ya Seve mtupu." Akainua uso, akamtazama Alawi, akarudi kwenye picha. "Na huyu bwana harusi mwenye ndevu namfahamu. Amenipotezea kuku leo."

"Tekla, kaa chini."

Tekla akakaa.

"Padre yuko wapi kwenye picha hii?" mzee akauliza.

"Hakukuwa na padre, Mwalimu. Walifunga ndoa ya serikali. Ndivyo ilivyokuwa mwaka elfu moja mia nane tisini na tano. Bibi harusi alivaa gauni la bluu iliyoiva, ili baadaye aweze kufanya kazi nalo maabara."

"Kwa hiyo kijana, wewe umeshamwoa binti yangu. Ukurasa wa kumi na nne. Bila barua, bila mshenga, bila padre, na hata shehe sijamwona."

Hakuna aliyecheka. Alawi alishuka kwenye kigoda, akakaa mkekani, chini ya magoti ya mzee.

"Sikumchora kwa dharau, Mwalimu. Nilijaribu sura nyingine mara tisa. Nilitakiwa kuchora mwanamke anayefikiri. Mimi simjui mwanamke mwingine anavyofikiri. Namjua huyu."

Severina pale mlangoni alifumba macho.

"Unamtaka," mzee akasema.

"Namtaka. Nimekuja kukuambia kabla ya kutuma wazee, kwa sababu yeye amesema neno lako ndilo la mwisho. Ukikataa, hatanifuata."

"Alisema hivyo?"

"Leo asubuhi amerudia."

Mwalimu Vitus akavua miwani. Bila miwani alionekana mzee zaidi.

"Mimi sina ugomvi na Waislamu," akasema. "Nilipokuwa chuo cha ualimu, nililala chumba kimoja na Adamu wa Igawa miaka miwili. Aliniamsha kila alfajiri na swala yake, na mimi nilimsumbua kila Jumapili na nyimbo zangu, na mpaka leo tunapigiana simu. Ningekuwa na ugomvi ningekwambia. Swali langu ni moja tu. Siku Bwana akimwita huyu, mtamlaza wapi?"

Mzee akanyoosha kalamu kuelekea mlango wa nyuma.

"Mama yake yuko pale, nyuma ya mikaratusi. Upande mmoja ni nafasi yangu. Upande wa pili nilimwekea Seve. Akiwa wa kwenu, nitakuja huko Mbeya nisimame wapi? Nyuma kabisa, na majirani, mikono mfukoni, nikisubiri mtu anionyeshe pa kutupia udongo? Na rozari yake nitaisali na nani?"

"Sina jibu, Mwalimu."

"Huna."

"Sina. Ningekuwa nalo ningekupa."

Mzee akavaa miwani tena. "Angalau hujaniongopea. Rudi kwenye kigoda, mkeka una baridi. Nimalize kusoma. Jibu lako nitakupa nikimaliza."

*

Kurasa zilizobaki zilikuwa chache. Tuzo. Watoto wawili wa kike. Baiskeli. Mwalimu Vitus alipiga mstari mwekundu mmoja tu, kwenye koma. Kisha akafika ukurasa wa ishirini.

Picha ile haikuwa na mtu. Ilikuwa barabara ya Paris, mawe yake yamelowa, mvua, mwavuli mmoja mweusi umelala ubavu, na kwa mbali gurudumu la mkokoteni wa farasi. Mzee akasoma:

"'Siku moja ya mvua, Pierre alikuwa anavuka barabara. Mkokoteni wa farasi ukamgonga. Pierre alikufa. Hakurudi nyumbani tena.'"

Kalamu ikashuka. Ikakata neno moja, na juu yake ikaandika kwa mwandiko wa ubaoni, mzuri, uliosimama wima: *alifariki dunia*.

"Hapa mmeteleza," akasema. "Kuku hufa. Ng'ombe hufa. Mtu hufariki. Nimewafundisha watoto hivyo miaka thelathini na minne."

"Hapana, baba."

Sauti ilitoka mlangoni, ndogo, lakini Tekla aliacha kutafuna.

"Hapana nini?"

"Neno hilo libaki kama lilivyo."

"Severina. Huyu ni marehemu, ana heshima yake. Huwezi kumwandikia 'alikufa' kama panya."

"Ni kitabu cha watoto wa miaka sita, baba. 'Fariki' hawalijui."

"Wataelewa tu. Mtoto akisikia maneno mengine yaliyo karibu, anaelewa."

"Mimi sikuelewa."

Mzee akabaki na kalamu hewani.

Severina alisimama. Alawi alijua kinachokuja, na alitamani kuvuka kile chumba amshike mkono, lakini hatua zile nne siku hiyo zilikuwa ndefu kuliko barabara ya Mbeya hadi Iringa.

"Nilikuwa nacheza pale nje," Severina akasema. "Ulikuja ukaniinamia. Ukasema, 'Mama yako amefariki Chimala.' Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nimeanza la kwanza mwezi ule. Hapa nyumbani tulikuwa tunaongea Kihehe kitupu. Kiswahili changu kilikuwa 'shikamoo mwalimu' na 'naomba kwenda chooni'. Mimi, baba, nilisikia amefika Chimala."

Mkaa ukalia jikoni. Hakuna aliyeugusa.

"Si ndiko alikokuwa amekwenda? Kununua mchele? Nikafurahi. Nikakuuliza, 'Atarudi lini?' Ukaniwekea mkono kichwani, ukaondoka."

"Mungu wangu," Tekla akanong'ona.

"Shangazi akaja jioni ile akanipeleka kwake, enzi hizo Makambako. Niliporudi watu wote walikuwa wameshaondoka. Nyuma ya mikaratusi niliona udongo umepandwa maua, nikadhani ni bustani. Msalaba mliuweka nikiwa la nne."

"Watoto tulikuwa tunawaondoa," Tekla akasema, machozi yameshaanza. "Ndivyo tulivyofanya. Tulidhani tunakusaidia."

"Najua, shangazi. Kila Alhamisi lilikuwa linakuja gari la mchele. Nilikuwa nakaa njia panda."

"Ulituambia unapenda kuangalia magari!"

"Nilikuwa naangalia wanaoshuka. Na watu wakiniuliza mama yuko wapi, nawajibu amefika Chimala. Walikuwa wananiambia pole. Nikadhani ni pole ya safari."

Mwalimu Vitus aliweka kalamu chini. Ikaviringika, ikaanguka, ikaingia chini ya kiti. "Mpaka lini?" akauliza. Sauti yake haikuwa ya mwalimu.

"Mpaka la tatu. Mwalimu Yusta aliandika ubaoni maneno kumi na maana zake, tunakili. Neno la saba lilikuwa hilo. Fariki: kufa. Nikanakili. Tukafanya zoezi, nikapata kumi kwa kumi. Ulinisifia, baba. Ulionyesha daftari langu ofisini kwa walimu wote."

Miaka ishirini na miwili mzee alikuwa akijihesabia kwamba jambo lile, angalau lile moja, alilifanya kama inavyopaswa. Alimwambia mtoto mwenyewe. Hakumwachia jirani.

"Kwa nini uliniambia kwa Kiswahili?" Severina akauliza. "Hilo ndilo sijawahi kulielewa. Hukuwa unaniongelesha Kiswahili."

"Kwa Kihehe mdomo ulinishinda." Alisema akiangalia mikono yake. "Nilitoka kule barabarani Igawa nilikoonyeshwa alipogongwa, nikaenda hospitali ya Chimala nilikoambiwa yuko, nikarudi naye, na njia nzima nilikuwa najaribu kulisema. Halikutoka. Kwa Kiswahili lilitoka. Ilikuwa kama kuepua chungu cha moto kwa kitambaa."

"Kitambaa kilikusaidia wewe, baba."

"Nimesikia." Akainua macho. "Nani mwingine anajua habari hii?"

"Alawi."

Mzee akamgeukia Alawi taratibu, kama anamwona sasa hivi.

"Toka lini?"

"Toka tulipofika ukurasa huu, Mwalimu," Alawi akajibu. "Mhariri alitaka tuutoe, kwamba watoto wataogopa. Severina akagoma siku tatu. Nilipomuuliza sababu, akanieleza kwenye simu. Nilikuwa nimeshamchora Pierre amelala barabarani. Nilifuta. Nikabakiza mvua na mwavuli."

Mwalimu Vitus akasimama. Kitabu alikiacha wazi juu ya kiti, akatoka mlango wa nyuma bila koti, na ukungu ukamfunika hatua ya tatu.

*

Saa ikapita. Tekla aliingia jikoni na hakutoka. Walimsikia akipenga kamasi na kugombana na masufuria. Alawi na Severina walisimama barazani, katikati yao nafasi ya mtu mmoja.

"Nimeharibu," Severina akasema.

"Umesema."

"Nimesema siku ambayo sikutakiwa kusema. Mtu amekuja kuniomba, mimi naanza kumhukumu baba yangu mbele ya mgeni." Akajifuta uso kwa kiganja. "Gari la mwisho la Mafinga ni saa kumi. Nenda, Alawi."

"Hajanijibu."

"Umemwona alivyotoka. Unataka jibu gani tena?"

"Nataka alitamke kwa mdomo wake. Nikiondoka sasa, nitakaa Mbeya miaka nikijidanganya kwamba angekubali."

Juu ya ukuta mfupi wa baraza, kidole kidogo cha Severina kiligusa kidole kidogo cha Alawi, kikabaki hapo. Hawakuthubutu zaidi.

"Uso nitaubadilisha," Alawi akasema baada ya muda. "Kama ni hapana, nitamchora Marie upya, awe Mzungu kweli. Usije ukaingia duka la vitabu ukajikuta umeolewa rafuni."

"Usibadilishe."

"Seve."

"Acha niolewe hata huko."

Alawi akageuza uso kuyaficha machozi. Mwanaume mzima, na kibaraza chote kilikuwa kinaona.

Hapo ukungu ukasogea, na Mwalimu Vitus akatokea, magoti ya suruali yamejaa udongo mwekundu. Tekla, ambaye kweli alikuwa na macho yanayoona kwenye ukungu, alishafika mlangoni kabla yake.

Mzee hakumtazama Alawi. Alikwenda moja kwa moja kwa binti yake, akachuchumaa mbele yake, kwa shida, akishika nguzo, kama mtu anayeongea na mtoto wa miaka sita, ingawa aliyesimama mbele yake alikuwa na ishirini na minane. Akaongea Kihehe. Maneno yalikuwa machache. Alikwama katikati, akaanza tena, akayamaliza.

Severina alitoa sauti moja ambayo Alawi hakuwahi kuisikia kwake, akashuka chini, akalia mikononi mwa baba yake kwa kwikwi za mtoto, mabega yakipanda na kushuka. Tekla alijifunika uso kwa kitenge. Alawi hakujua Kihehe. Akasogea mbali, mpaka mwisho wa baraza, akawapa mgongo, kwa sababu kilio kile kilikuwa na wenyewe.

Alipoitwa, hakujua umepita muda gani.

"Kijana. Njoo hapa."

Akaja. Mzee alikuwa bado amekaa sakafuni, binti yake ameegemea bega lake.

"Kwenu mnaongea lugha gani?"

"Kiswahili, Mwalimu. Mama akiwa sokoni anachanganya na Kinyakyusa."

"Kama mngekuwa na watoto. Wadogo. Na huyu akatangulia. Nani angewaambia?"

"Mimi."

"Ungewaambiaje?"

Alawi alimtazama Severina. Kuna maneno ambayo mtu hayasemi juu ya mtu anayempenda, hata kwa mfano, hata akilazimishwa. Ulimi unayakataa kama dawa ya kwinini. Severina alikuwa anamtazama pia, macho mekundu, na hakumsaidia.

"Ningewaita wote," Alawi akasema. "Ningechuchumaa. Ningewaambia, mama yenu amekufa. Harudi tena."

"Jamani, kijana!" Tekla akapiga kelele. "Mwenyewe mzima yuko mbele yako!"

"Mwache," mzee akasema. "Endelea. Wangekuuliza, atarudi lini?"

"Ningewaambia harudi." Akachuchumaa mbele yao. "Wangeniuliza kesho, ningewaambia tena. Nisingeondoka, Mwalimu. Ningekaa nao hapo hapo wakiniuliza mpaka wachoke."

Mwalimu Vitus alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anayesahihisha hesabu ndefu na kuikuta imetoka.

"Walete wazee wako," akasema.

Severina akainua uso. "Baba?"

"Sijasema mengine. La kaburi bado hatujalimaliza, na paroko atanisumbua mpaka nijute kuzaliwa. Lakini hayo ni ya kuongea, na watu huongea wakiwa wamekaa pamoja. Walete. Waje mchana, barabara ikiwa kavu."

"Nitawaleta, Mwalimu."

"Ualimu nilistaafu."

Alawi akasimama tu, mikono imening'inia, hajui kama amefanya kosa. Mzee alikuwa anamsubiri. Severina alikuwa anamsubiri. Ikabidi Tekla amchome kiwiko cha mbavuni.

"Mwite baba, mjinga wewe," akamnong'oneza.

Mara ya kwanza sauti haikutoka.